MJADALA: Filamu bubu za uhalifu zilikuwa na maadili kweli, au jumba bovu lilikuwa na mtu wake?

Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna mzee mmoja ninayemheshimu sana kwa mambo ya sinema. Juzi kijiweni akatoa kauli iliyofunga maongezi: filamu za siku hizi zimeharibika, jambazi ndiye steringi, zamani, enzi za filamu bubu zisizo na sauti, mhalifu ilikuwa lazima afe, afungwe au atubu kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Kijiwe kizima kikaitikia. Mimi sikuona sababu ya kubishana na mzee mbele za watu. Nikarudi nyumbani, nikafungua simu (nyingi ya filamu hizi haki zake zimeshakwisha, unazipata bure) nikazitazama tena moja moja. Nayasema hapa niliyoyameza kule.

Mzee ana haki kwenye nusu ya kauli yake. Adhabu ipo. Ila ukiikazia macho unaona haimwangukii kila mkosaji.

Chukua *The Cheat* ya Cecil B. DeMille, 1915. Edith ni mke wa tajiri, anapenda nguo kuliko mume anavyopata hela. Ndiye mtunza hazina wa mfuko wa Msalaba Mwekundu. Anachota dola 10,000 za mfuko, anampa rafiki azicheze kwenye hisa, zinapotea zote. Anakwenda kukopa kwa Tori, tajiri wa Kijapani, na masharti ya mkopo kila mtu anayaelewa. Mume anapata faida yake, Edith anarudi na hundi, Tori anaikataa. Anamshika, anamchoma begani kwa chuma cha moto, muhuri ule ule anaoutumia kuweka alama kwenye vinyago na samani zake. Edith anaokota bastola, anampiga risasi. Mume anafika, anajitwika kosa, anafikishwa kortini na kutiwa hatiani. Hapo ndipo Edith anapojitokeza mbele ya korti na kufunua bega.

Sasa piga hesabu. Edith: wizi wa fedha za msaada, na risasi. Mume: uongo mbele ya hakimu. Tori: unyama, sina utetezi naye. Watatu wana makosa. Anayelipa ni mmoja, na anayemtoza si hakimu, ni wale ambao magazeti yetu yangewaita wananchi wenye hasira kali, wanaovamia ndani ya ukumbi wa mahakama. Hukumu ya mume inafutwa, mke na mume wanatoka wakishangiliwa kama maharusi. Zile fedha za Msalaba Mwekundu? Kortini hazikutajwa hata kwa kukohoa.

Kinachonikereketa zaidi ni kilichofuata. Wajapani wa California walilalamika, gazeti lao la Los Angeles, Rafu Shimpo, likiwa mbele. Filamu iliporudishwa kumbini 1918, Japani na Marekani zikiwa upande mmoja vitani, Tori akageuzwa mfalme wa pembe za ndovu kutoka Burma. Picha zile zile, sura ile ile ya mwigizaji Sessue Hayakawa, joho lile lile. Kilichobadilishwa ni vibao vya maandishi tu, vile vinavyosomwa katikati ya picha badala ya sauti. Ubaya ulikuwa lebo ya kubandua huku na kubandika kule.

Na msisahau zama zenyewe. Chicago tangu 1907 filamu haikuonyeshwa bila kibali cha polisi. Februari 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema, kwenye kesi ya kampuni ya Mutual dhidi ya Ohio, kwamba sinema ni biashara tu kama biashara nyingine, hailindwi na uhuru wa kusema. Msimamo huo ulikuja kuachwa 1952. Mtengeneza filamu akajua afanye nini. Rili (mikanda ya filamu) nne dhambi, rili ya mwisho toba. Ule mwisho mwema ulikuwa ushuru wa kupita geti.

Aliyenishangaza ni D.W. Griffith, wa 1912, kwenye *The Musketeers of Pig Alley*. Ni dakika chache tu, vichochoro vya New York, mapipa na ukuta wa matofali. Snapper Kid ni jambazi, kamwibia mpiga muziki maskini pochi ya mshahara. Mwishoni polisi anakuja kumkamata, na wale wale maskini, mpiga muziki na mkewe, wanamtolea ushahidi kwamba alikuwa nao. (Aliwahi kumwokoa yule dada asinyweshwe kinywaji chenye dawa, na fadhila hulipwa.) Kisha mkono usio na mwenyewe unaingia kutoka pembeni ya picha, unampa noti. Kibao kinasema, kwa Kiswahili chetu, "pingili za mnyororo". Filamu imekwisha. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyeokoka, na bado kati ya zote nilizotazama, hii ndiyo iliyonisemesha kweli kuhusu uhalifu.

Swali langu kwenu: filamu inayoadhibu inakuwa na maadili kwa sababu tu imeadhibu, hata kama imemkosea mtu wa kumwadhibu?

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa. Wewe unazitazama hizi filamu ukiwa mtu mzima, kwenye simu, miaka mia baadaye. Zilipotoka, watoto nao walikuwamo ukumbini. Nimefundisha miaka mingi, najua mtoto anaondoka na nini. Haondoki na rili ya mwisho. Anaondoka na namna ya kuruka ukuta.

Ufaransa walilijua hili mapema. Desemba 1911 genge la Bonnot lilimpora mjumbe wa benki Paris na kutoroka kwa gari, jambo ambalo watu hawakuwahi kuliona. Mwaka uliofuata tayari kuna filamu za kuigiza mambo yao, na mameya kadhaa wakaanza kuzipiga marufuku. Louis Feuillade akatoa *Fantômas* 1913, ambako muuaji anaponyoka kila mara, halafu *Les Vampires* 1915, sehemu kumi, mwigizaji Musidora akitambaa juu ya mapaa kwa nguo nyeusi ya kubana. Nchi iko vitani, vijana wanakufa kwenye mahandaki, na Paris inamshangilia jambazi! Polisi wakaisimamisha kwa muda. Wewe ungekuwa mkuu wa polisi ungefanya nini?

Na tazama matunda yake. Feuillade yule yule akarudi na *Judex*, 1917. Safari hii mwenye joho jeusi yuko upande wa haki, anamwandama mwenye benki aliyefilisi watu. Watazamaji walijaa vile vile. Kubanwa hakukumuua msanii, kulimnyoosha. Sioni ubaya wa ushuru wa geti kama barabara inakuwa salama.

Wakili Bila Joho

Nawapinga wote wawili, kwa heshima.

Mwalimu, hiyo ya watoto ilishasikilizwa kama kesi. Uingereza, 1917, Baraza la Taifa la Maadili ya Umma, watu wa makanisa na shule, si watu wa kupenda sinema, liliunda tume ichunguze. Wakuu wa polisi walikuja wakatoa ushahidi, walimu wakaja, hata watoto wa shule waliulizwa. Wizi wa watoto ulikuwa umepanda kweli. Tume ikasema suala ni pana mno kulisukumia sinema peke yake: baba wako vitani, mama viwandani, polisi wamepungua, barabara giza. Wakati huo huo bodi ya ukaguzi ya huko, chini ya T.P. O'Connor, tayari ilikuwa na orodha ya mambo 43 ya kukata, na njia za kutenda uhalifu zimo. Orodha ilikuwapo, wizi ukapanda. Utasemaje?

Mleta mada, na wewe umechagua mashahidi wako. Kwa nini hukuiita *Traffic in Souls*, 1913, ya George Loane Tucker? New York, madada wawili wanafanya kazi duka la pipi, mmoja anarubuniwa na kufungiwa danguro. Mkubwa wa biashara hiyo ni nani? Si mhamiaji, si mtu wa kichochoroni. Ni Bwana Trubus, mwenyekiti wa jumuiya ya kusafisha maadili ya mji! Juu anapokea wageni wa heshima, chini wanahesabu mapato ya wasichana, na chombo cha kunasa sauti ndicho kinachomuumbua. Watu walijaa kumbini kuitazama. Tena anakamatwa mbele ya familia yake. Hapo jumba bovu limemwangukia aliyelijenga. Nadharia yako inaingiaje hapo?

Konda Mstaafu

Mimi sina elimu ya hizo filamu ila hiyo ya kubadilisha maandishi mtu akawa wa Burma imenikumbusha banda la video tulipokuwa wadogo. Mtafsiri akiamua leo adui ni mjomba wa steringi, basi ni mjomba, mnaondoka wote mnamchukia mjomba. Kesho yake tunaitazama tena na mtafsiri mwingine, mjomba kawa polisi wa siri. Mia mbili yangu imepotea mara mbili. Endeleeni.

Mama Shani

Konda umenichekesha, na umegusa palipo na utamu.

Mimi naongeza kitu ambacho nyie wanaume watatu mmekipita kama daladala iliyojaa. Mnauliza mgeni alilipa, tajiri alilipa. Hamjauliza mwanamke.

Mwalimu kaisifu *Judex*. Sawa. Mwenye benki aliyefilisi watu mwishoni anasamehewa, anarudi kwa bintiye na mjukuu. Musidora, ambaye humo ndiye mwanamke mbaya, anazama baharini. Hiyo ndiyo barabara salama?

*Regeneration* ya Raoul Walsh, 1915, ambayo kila anayetetea filamu bubu huitaja. Nakubali ni filamu nzuri sana. Walsh aliipeleka kamera mitaa ya maskini ya Bowery, New York, yenyewe, sura zile za watu hazikununuliwa dukani. Owen, yatima aliyekua jambazi, anabadilishwa na Marie, dada wa kujitolea anayefundisha maskini. Anabadilika kweli. Kwa gharama gani? Marie anapigwa risasi, anakufa, na kumbukumbu yake ndiyo inayomzuia Owen kulipiza kisasi kwa mikono yake. Wokovu wa kaka umeandikwa kwa damu ya dada ambaye hakuwa na kosa lolote, na tunatoka ukumbini tukisema ni hadithi ya toba.

Lakini inayoninyima usingizi ni *Sunrise* ya F.W. Murnau, 1927, ile wanayoipanga kati ya filamu bora za dunia. Mume, mkulima, ana hawara kutoka mjini. Hawara anamwambia: mzamishe mkeo, sema mtumbwi ulipinduka. Anampandisha mke mtumbwini. Katikati ya ziwa anasimama, mgongo umepinda, mikono inaning'inia kama si yake, anamwendea. Mke anakunja viganja kumwomba. Anashindwa kumaliza. Wakifika ukingoni mke anakimbia, anadandia tramu, mume nyuma yake, na kibao kinasema asimwogope.

Halafu wanaingia mkahawani. Mume anamsogezea sahani. Yule dada anachukua kipande, anakipeleka mdomoni, kinakwama. Machozi yanamtoka na mkate uko mkononi. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Janet Gaynor, anayemwigiza mke, hapo hahitaji sauti, mwanamke yeyote aliyewahi kukaa meza moja na mtu aliyemwinulia mkono anaijua hiyo tonge isiyoshuka.

Ingeishia hapo ningesema filamu ina maadili. Lakini jua halijazama wameshapiga picha studio, wamecheza ngoma, wamecheka. Mchana mmoja! Na wakirudi, baada ya dhoruba, nani anaondoka kijijini juu ya mkokoteni? Yule mwanamke wa mjini. Mume ambaye mikono yake ndiyo iliyokuwa juu ya maji yuko kando ya kitanda, jua linachomoza.

Mwalimu wa Zamu

Mama Shani, ya Musidora nakubali, nilikuwa sijaitazama hivyo. Ila *Sunrise* usiionee. Yule bwana hakuua. Sheria na dini zote nizijuazo zinatofautisha nia na tendo. Alisimama, akarudi kukaa, akashika makasia. Kule kanisani anapolia magotini pa mkewe wakati wengine wanafunga ndoa, hiyo si toba? Au unataka toba yenye pingu?

Tena hadithi ya Hermann Sudermann ambayo Murnau aliichukua ilikuwa na adhabu. Humo mume ndiye anayezama wakati wa kurudi na mke anapona. Murnau kwa makusudi aliiacha hukumu hiyo akachagua msamaha. Mleta mada analalamika kwamba mwisho ulikuwa ushuru wa wakaguzi. Hapa msanii kakwepa ushuru, na bado mnamshtaki.

Kiti cha Nyuma

Nimesoma wote. Wakili, ya Trubus umenipata, naikubali bila kuzunguka. Nadharia yangu haimchukui. Naongeza kwa faida yako: *A Corner in Wheat*, Griffith huyo huyo, 1909. Mlanguzi ananunua ngano yote ya soko, bei ya mkate inapanda, maskini wako kwenye foleni wamesimama kama sanamu, hawatikisiki kabisa, utadhani filamu imekwama. Mlanguzi anatumbukia kwenye ghala na ngano inammiminikia mpaka mkono wa mwisho unafunikwa. Hakuna sheria aliyovunja. Hiyo ni filamu ya uhalifu isiyo na mhalifu wa mahakamani, na tajiri kalipa. Kwa hiyo sisemi tena "kila mara". Nasema "mara nyingi", na mniruhusu niseme mara nyingi hiyo inaanza kupata rangi ya ngozi mkifika kwenye shahidi wangu wa mwisho.

*Within Our Gates*, Oscar Micheaux, Mwamerika Mweusi, 1920. Jasper Landry, mkulima anayelima shamba la bwana, anakwenda kufunga hesabu na mwenye ardhi. Hesabu hizo kaziandika binti yake Sylvia aliyesoma, kwa hiyo safari hii hawezi kupunjwa. Ndani wanabishana. Nje, dirishani, mzungu maskini mwenye kinyongo chake anafyatua risasi, mwenye ardhi anaanguka. Lawama moja kwa moja kwa Landry. Wananchi wenye hasira kali wanamnyonga yeye na mkewe. Hata Efrem, mtumishi mweusi aliyekimbia kuwapa wazungu habari akidhani atapata ujiko, wanamnyonga wakati wakisubiri.

Bodi ya Chicago iliikataa kwanza. Sababu iliyotolewa ni hofu ya ghasia: miezi michache nyuma, Julai 1919, mji ulikuwa umeona watu 38 wakifa kwenye mapigano ya rangi. Ikabidi watu wa pande mbalimbali waitwe kuitazama ndipo ikaruhusiwa Januari. Sasa ilinganisheni na *The Birth of a Nation* ya 1915, ambayo inamtia mtu mweusi hatiani tangu anapozaliwa na kuwafanya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, waokozi. Ohio na Kansas waliikataa, hilo niwape haki yao. Kwingineko iliingiza umati, na mwishoni mwa mwaka huo huo Klan yenyewe ikafufuliwa huko Georgia. Mwalimu, ukiniuliza filamu gani bubu ilifundisha uhalifu, nitakutajia hiyo, na ndani yake "mhalifu" anaadhibiwa barabara, kwa utaratibu wote anaoutaka mzee wangu wa kijiweni.

Filamu ya Micheaux ilipotea. Nakala moja ndiyo iliyokuja kuonekana, Hispania, maandishi yake yametafsiriwa Kihispania, jina limebadilishwa. Ile tunayoitazama leo ilirudishwa Kiingereza kutoka hapo, 1993. Konda, mtafsiri wako wa banda la video angeipenda hii.

Wakili Bila Joho

Hiyo ya Efrem inauma kuliko zote. Nafunga daftari kwa leo. Ila Mwalimu hajajibiwa: nia na tendo. Mama Shani?

Mama Shani

Namjibu.

Mwalimu, sitaki pingu. Nimesema mwenyewe kwamba pale mkahawani filamu ilikuwa na maadili, na pale hakuna polisi wala hakimu. Kanisani analia, ni kweli, na mimi nalia naye kila nikiitazama. Lakini kumbuka ni nani anayembembeleza nani. Yeye ndiye aliyetaka kuua, na mkono unaopapasa kichwa ni wa mke. Umesema Sudermann alimzamisha mume. Mimi simtaki azame. Nilitaka filamu imwache yule dada ashindwe kula hata siku ya pili.

Shani, binti yangu, aliitazama nami sikukuu iliyopita. Mwisho ulipofika, jua linatoka, akaniuliza: "Mama, kesho yake akimwambia waende tena na mtumbwi, atapanda?"

Nikamwambia sijui. Akasema yeye asingepanda.